Anayeziba masikio si mtovu wa adabu

Yeyote aliyewahi kupita Chebunyo, Kaunti ya Bomet, siku ya soko anajua jinsi hali inavyokuwa kufikia saa tano za asubuhi. Kinu cha kusaga mahindi kinanguruma upande mmoja. Upande wa pili mwuza dawa ya panya anatangaza bidhaa yake kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, na hatua chache kutoka kwake mhubiri naye ana chake. Bodaboda zinapiga honi, mbuzi wanalia, moshi wa nyama choma unachanganyika na vumbi na harufu ya dizeli, na jua linapiga juu ya mabati mapya hadi macho yanauma.

Ilikuwa siku kama hiyo mama mmoja alipoingia kliniki akiwa amembeba mgongoni mvulana wa miaka saba. Mtoto huyo alikuwa amejitupa chini katikati ya soko, akaziba masikio, akapiga mayowe na kujiuma mkono. Watu walikusanyika. Mmoja alisema ni kifafa. Wa pili alisema ni mapepo, akajitolea kumwombea papo hapo kwa sauti ya juu. Wa tatu, mzee wa heshima zake, alisema dawa ya mtoto kama huyo ni kiboko, na hakukawia kukitafuta. Alama mbili zilikuwa bado zinaonekana mguuni.

"Daktari," mama akaniuliza, "nimekosea wapi? Ndugu zake watatu nimewalea vivyo hivyo na hawako hivi."

Mpenzi msomaji, nakiri kwamba miaka kumi na mitano iliyopita, nikiwa daktari mchanga, mama mwingine aliniletea mtoto wa aina hiyo hiyo. Nilimpima malaria, sikuipata, nikamwambia mama akamfunze mtoto adabu. Katika miaka yote ya chuo cha udaktari tulifundishwa habari za jicho lisiloona na sikio lisilosikia. Sikumbuki siku tuliyofundishwa habari za jicho linaloona kupita kiasi na sikio linalosikia kupita kiasi. Ninayoyaandika leo ni sehemu ya deni langu kwa mama yule wa kwanza.

Milango mitano na bawabu wake

Waswahili husema mtu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Sayansi imeongeza mingine, kama ule wa usawa wa mwili ulio ndani ya sikio, na ile inayotuarifu habari za njaa, joto na mapigo ya moyo. Yanayoingia kupitia milango hiyo kila sekunde ni mengi kuliko mtu awezavyo kuyashughulikia. Kwa hiyo ubongo una mabawabu. Sehemu iliyo katikati yake iitwayo thalamasi hupokea karibu habari zote za fahamu, isipokuwa za harufu, na kuzipeleka kunakostahili. Sehemu nyingine huamua lipi lisikizwe na lipi lipuuzwe. Wewe unayesoma gazeti hili hukuwa ukihisi ukosi wa shati lako shingoni hadi nilipoutaja.

Bawabu huyu pia hujifunza. Mtu anayeishi karibu na kiwanda cha majani chai huko Konoin au Kericho hulala usingizi mnono mashine zikinguruma usiku kucha, ilhali mgeni wake anakesha. Masikio yao ni sawa. Tofauti ni kwamba ubongo wa mwenyeji umekwisha kuamua kwamba kelele ile haina habari mpya.

Kwa baadhi ya watu bawabu huyu huwa mlegevu, au huchoka upesi, au hawezi kuzoea. Kila kitu kinaingia kwa pamoja na kwa nguvu zile zile: honi, harufu, mwanga, bega la mpita njia. Ubongo unachukulia kwamba kuna hatari. Homoni ya adrenalini inamwagika katika damu, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, na maneno yanakwama kinywani. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Mtoto wa sokoni hakuamua kupiga mayowe, kama vile wewe usivyoamua kufumba jicho mdudu anapolikaribia.

Ni akina nani hao?

Hali hii si ugonjwa mmoja wenye jina moja. Huonekana sana kwa watoto na watu wazima wenye usonji, na mwaka wa 2013 chama cha madaktari wa akili nchini Marekani kiliiweka rasmi miongoni mwa dalili za usonji katika toleo la tano la mwongozo wake. Huonekana pia kwa watoto wasioweza kutulia wala kukaza fikira. Mwenye kipandauso huchukia mwanga, sauti na harufu anaposhikwa. Mzee ambaye uwezo wake wa kusikia umepungua anaweza kukosa kusikia maongezi ya kawaida, kisha sauti ikiongezwa kidogo tu ikamuumiza. Watu waliopitia vitisho, wakiwemo wengi walioathirika katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanaweza kushtuka kwa mlio wa fataki miaka mingi baadaye. Na hata mtu mwenye afya kamili, akiwa hajalala au hajala, au akiwa amefiwa, atajikuta siku moja hawezi kuvumilia alichokivumilia jana.

Elimu hii si ngeni sana. Mtaalamu Mmarekani A. Jean Ayres alichapisha kitabu chake kuhusu jinsi ubongo unavyounganisha habari za fahamu mwaka wa 1972. Lakini mfano ninaoupenda zaidi, na ambao wafugaji wa Chepalungu huuelewa mara moja, ni wa Temple Grandin, mwanamke Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka wa 1947. Akiwa msichana kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona, aliona jinsi ng'ombe walivyotulia walipobanwa ubavu kwa ubavu ndani ya kizuizi wakati wa kuchanjwa. Yeye mwenyewe aliteswa na kelele na kuguswa-guswa. Akajitengenezea mashine ya mbao ya kumbana mwili kwa nguvu aliyoichagua mwenyewe, na akapata utulivu. Baadaye akawa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Mkandamizo mzito na wa polepole huwatuliza watu wengi wa hali hii, ilhali mguso mwepesi wa ghafla huwaudhi. Ndiyo sababu mtoto anayekataa kupapaswa kichwani huenda akatulia akifunikwa blanketi zito.

Mgeni kutoka Nairobi

Msidhani haya ni ya watoto tu. Desemba moja nilimwona mfanyakazi wa benki aliyekuja nyumbani kutoka Nairobi kwa sherehe ya mdogo wake. Alikuwa amesafiri kupitia Narok na Mulot ndani ya matatu yenye muziki uliotikisa viti. Alipofika, hema lilikuwa limejaa na spika mbili kubwa kama kabati zilielekezwa kwa wageni. Alivumilia kwa muda wa saa moja, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya ghala la mahindi. Jamaa walimfuata. Shangazi alisema masomo yamempa kiburi. Mjomba alisema hawapendi watu wake. Alirudi hemani kwa aibu, na kabla ya chakula akaanguka akitetemeka, akidhani ni moyo.

Moyo wake nilipoupima ulikuwa salama. Aliniambia kwamba tangu utoto hukaa kiti cha nyuma kanisani karibu na mlango, hununua vyakula dukani asubuhi mapema, na hunywa pombe kidogo kabla ya kila sherehe ili aweze kuvumilia. Hilo la mwisho ndilo lililonitia wasiwasi. Wangapi wameingia katika ulevi kwa mlango huo, huku sisi tukiwahubiria habari za tabia njema? Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunauona mwepesi kwa sababu hatujaubeba.

La kufanya wewe mwenyewe

Kwanza, jua kinachokuumiza. Kwa majuma mawili andika kila siku ulipolemewa: ulikuwa wapi, saa ngapi, ulikuwa umelala na kula vipi, na ni kitu gani kilichozidi. Wengi hugundua kwamba adui si umati wote bali ni kitu kimoja au viwili, kwa mfano taa za kumetameta au watu wawili kuongea kwa pamoja.

Pili, nenda ukiwa na akiba. Usiende sokoni au harusini ukiwa na njaa na usingizi. Sisi watu wa nchi ya chai tunajisahau pia: chai nzito vikombe vitano kabla ya saa sita huongeza mapigo ya moyo na wasiwasi. Punguza pole pole, kwani ukiacha ghafla kichwa kitakuuma.

Tatu, chagua wakati na mahali. Soko la saa moja asubuhi si soko la saa sita. Katika matatu kaa karibu na dirisha, mbali na spika. Kanisani kaa karibu na mlango. Mwambie mwenyeji mapema kwamba utatoka nje mara moja au mbili, ili asidhani umekasirika.

Nne, punguza kinachoingia. Kofia yenye ukingo, miwani ya jua na vizibio vya masikio havina aibu yoyote. Lakini tahadhari: anayeziba masikio mchana na usiku, hata nyumbani palipo kimya, huufanya ubongo uongeze usikivu wake, na tatizo likazidi. Vizibio ni vya pahali penye kelele tu.

Tano, toka kabla maji hayajazidi unga. Dalili za awali ni kukaza taya, kukasirishwa na jambo dogo, kutosikia unachoambiwa, kutaka kulia. Hapo ndipo pa kuondoka. Tafuta kivuli na ukimya, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, nawa uso kwa maji baridi, sukuma ukuta kwa viganja kwa nguvu. Dakika kumi hadi ishirini zinaweza kukuwezesha kurudi.

Kwa mtoto, mzazi atofautishe ukaidi na kulemewa. Mtoto mkaidi anataka kitu; huchungulia kama unamtazama, na ukimpa alichotaka hunyamaza. Mtoto aliyelemewa hana anachotaka ila kuondoka, na hata ukimpa peremende hanyamazi. Huyu usimchape, usimhoji, usimfokee. Maneno yako nayo ni kelele. Mtoe hapo, kaa naye karibu, sema kidogo na kwa sauti ya chini, ngoja. Mafunzo yatafuata kesho, akiwa ametulia. Mfundishe ishara ya mkono yenye maana ya "nimetosheka", na akiitumia, itii siku hiyo hiyo. Asipoaminiwa mara mbili, hataitumia tena.

La kufanya sisi sote

Hadi hapa nimemtwika mgonjwa kazi yote. Hiyo si haki, na ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu. Mazingira yetu yamezidi kelele kwa mtu yeyote, awe mzima au mgonjwa.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Katika desibeli 100, basi, dakika 15 zinatosha kumaliza mgao wa siku nzima. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana nje ya makazi ya watu na 35 usiku, na usiku katika kanuni hizo unaanza mara tu baada ya saa mbili. Msomaji aamue mwenyewe kama spika za sherehe aliyohudhuria mwisho zilijua habari za kanuni hizo.

Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha usikilizaji salama katika kumbi na tamasha. Liliagiza sauti isizidi wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15, na likaongeza jambo jingine lisilo na gharama kubwa: pawe na mahali patulivu ambapo mtu anaweza kwenda kupumzisha masikio.

Mahali patulivu! Katika boma la Kipsigis hilo si jambo la kuitia harambee. Ni nyumba moja iliyofungwa pazia, benchi chini ya mti upande wa pili wa boma, na neno la mwenyeji asubuhi: atakayechoka na akapumzike pale, hatuulizani. Kanisa linaweza kugeuza spika moja isielekee viti vya nyuma. Mwalimu anaweza kumketisha mtoto mmoja mbali na dirisha la barabarani. Utingo akiombwa kwa heshima apunguze muziki, si lazima ajibu kwamba asiyetaka ashuke.

Nimesikia hoja mbili za kupinga. Ya kwanza ni kwamba sherehe zetu ni za vifijo tangu jadi, na anayetaka kimya akae kwake. Kweli, nyimbo ni za jadi. Lakini babu zetu waliimba kwa vifua vyao, na aliyetaka kupumzika alisogea hatua hamsini akawa amepumzika. Kipaza sauti kinachosikika mlima wa pili hakikuachwa na babu yeyote.

Ya pili ni nzito zaidi: mtoto ni lazima azoee, kwani dunia haitamnyamazia. Nakubali kwamba azoee. Swali ni jinsi gani. Mtu hafundishwi kuogelea kwa kutupwa katika Mto Nyangores wakati wa mafuriko. Huanzia maji ya magoti, na mkono wa mwalimu ukiwa karibu. Kipimo kidogo kidogo, chenye njia ya kutoka, ndicho kinachomzoesha mtoto. Kumlazimisha akae ndani ya kelele huku akichapwa humfundisha jambo moja tu: kwamba soko ni mahali pa kuumia.

Wakati wa kumwona daktari

Kuna hali zisizongoja ushauri wa gazetini. Mtu mwenye homa, maumivu makali ya kichwa, shingo ngumu na asiyetaka kuona mwanga apelekwe hospitali mara moja. Huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo. Aliyeanza kuudhika na mwanga na sauti baada ya kugongwa kichwa, awe ameanguka kwa bodaboda au mchezoni, naye apimwe. Mlevi wa siku nyingi aliyeacha pombe ghafla, akaanza kutetemeka, kutokwa jasho na kushtushwa na kila sauti, yuko hatarini na aharakishwe. Anayekonda huku akila vizuri na moyo ukienda mbio apimwe tezi ya shingo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hiyo ni habari nyingine inayohitaji daktari wa akili.

Wengine waje kwa utaratibu. Masikio na macho yapimwe. Mtoto anayechelewa kusema, asiyetazama watu au anayerudia-rudia jambo moja apelekwe kwa vituo vya kuchunguza mahitaji ya elimu maalum, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka wa 1984, akachunguzwe. Nawasihi pia msinunue dawa za usingizi kwa kunong'onezana dukani ili kumtuliza mtoto wa safari. Hazitibu hali hii, na nyingine hugeuka utumwa.

Mvulana wa Chebunyo tulimweka chumba cha nyuma kinachohifadhi katoni za dawa, tukafunga dirisha. Mama alimkumbatia kwa nguvu, bila kusema. Baada ya nusu saa alikuwa ameketi akipanga chupa tupu kwa ukubwa, kubwa hadi ndogo, bila kukosea hata moja. Tulimtuma akachunguzwe, na akaonekana ana usonji. Siku hizi huja sokoni na mama yake saa moja asubuhi, akiwa na kofia, hubeba kapu lenye viazi kwa sababu uzito unamtuliza, na saa tatu wanarudi nyumbani. Hajapona, wala sikumwahidi mama yake kupona. Saa sita za mchana soko lile bado ni moto kwake.

Mama alinieleza kwamba juzi mwuza dawa ya panya alimwona mtoto akiinua mkono na kuonyesha ishara yake. Bila kuombwa, akazima kipaza sauti hadi walipopita. Ilikuwa dakika moja tu, na sidhani kama alikosa mnunuzi yeyote kwa ajili hiyo.

Desemba ikifika tutakutana tena katika mahema. Wewe unayetoka mjini na gari lako na watoto wako, umwombe mwenye spika apunguze. Kisha tafuta kiti kimoja, ukiweke pahali pa kivuli na ukimya, na mtu atakayekikalia asiulizwe neno.